Timu ya watu saba: ‘Inazuma Eleven’ ilipotukuta Kabras

Ukishuka Malava stejini ukaanza kuulizia jina langu la kwenye kitambulisho, utazunguka mpaka jua lizame. Uliza Megane. Hata mama wa mandazi atakuelekeza. Kisha ukiniona utashangaa, maana megane ni Kijapani, maana yake miwani, na mimi sijawahi kuvaa miwani maishani mwangu.

Jina lenyewe lilitoka kwa anime. Na kabla hujaniambia wewe umekua na hutazami katuni, nipe dakika chache. Hii stori ni ya mpira wa mtaani, na kama umewahi kuchezea timu isiyo na jezi za kutosha, inakuhusu.

Anime ni Inazuma Eleven. Ilianza kama gemu ya Nintendo DS iliyotengenezwa na kampuni ya Level-5 mwaka 2008, na Oktoba mwaka huo huo ikaingia kwa TV kule Japani. Iliendelea hadi 2011, vipindi 127. Babu yake ni Captain Tsubasa, iliyoanza kama hadithi ya michoro mwaka 1981 na kuwatia watoto wa Japani wazimu wa soka wakati nchi yao haikuwa hata na ligi ya kulipwa. J.League ilianza 1993. Tsubasa ni nzuri, siikatai. Shida yangu ni kwamba huyo mtoi ni fundi tangu kipindi cha kwanza. Unamtazama vile unavyomtazama Messi: unafurahi, unaenda kulala. Inazuma ni ya watu kama mimi na wewe.

Shule inaitwa Raimon. Kapteni ni kipa, Mamoru Endou (ukipata ile ya Kiingereza utamsikia akiitwa Mark Evans). Klabu yake ya soka ina watu saba. Haijawahi kucheza mechi hata moja. Uwanja wa shule una wenyewe, kwa hivyo Endou anaenda kufanya mazoezi kando ya mto na watoto wadogo. Wenzake wanashinda ndani ya kibanda cha klabu wakila na kucheza gemu. Halafu siku moja binti wa mwenye shule, Natsumi, anamletea habari: kuna mechi na Teikoku, mabingwa wa nchi nzima. Mkishindwa, klabu inafungwa.

Watu wengi hukumbuka Inazuma kwa sababu ya mashuti ya moto, majoka yanayotokea hewani na ule mkono mkubwa wa dhahabu ambao Endou huutumia kudaka. Sawa, hizo ni tamu. DJ Afro akiitafsiri hii kitu tutakufa kwa kicheko. Lakini mimi ilinishika kwa hiyo namba saba.

Angalia sheria za soka, Sheria ya 3. Mechi haiwezi kuanza wala kuendelea kama timu moja ina wachezaji chini ya saba. Sita ni kikundi cha marafiki. Saba ni timu. Waandishi wa Raimon walifanya makusudi ama ilitokea tu, lakini walipiga pale pale: waliwapa wale vijana idadi ambayo akipungua mmoja, hakuna mpira. Vipindi vya kwanza vyote havina habari ya kufunga mabao. Ni Endou akitembea shule nzima na bango mkononi, akibembeleza watu waje wacheze.

Sasa njoo Kabras.

Ukitaja Kabras huku Nairobi, msee anafikiria mambo mawili: pakiti ya sukari ama raga. Ni haki. Kiwanda kiko pale, barabara ya kutoka Kakamega kwenda Webuye imejaa matrekta ya miwa, na timu ya Kabras Sugar ilibeba Kenya Cup kwa mara ya kwanza 2016, ikawafundisha mabingwa wa Nairobi heshima. Mpira wa miguu nao uko, lakini ni wa kujitafutia. Kwa shule, majitu ya kaunti yanajulikana: Green Commandos wa Kakamega High na Scorpions wa Musingu. Kama shule yako si moja ya hizo, michezo ya muhula huwa inaanza Jumatatu na Jumatano tayari umevua jezi. Baada ya hapo unabaki na timu ya kijiji.

Timu yetu ilikuwa ya kijiji. Tulikuwa kidato cha pili, wengine cha tatu, wawili walikuwa wameacha shule kitambo na walikuwa wanapakia miwa. Tulianza na mpira wa juala, ule wa kusokota na kamba, na kuna mtu anafaa kuandika siku moja vile marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 ilivyowaumiza watoi wa vijijini. Nia ilikuwa nzuri, lakini mpira wa gunia haudundi, maze.

Kapteni wetu alikuwa kipa, na alikuwa na ugonjwa ule ule wa Endou. Mvua inanyesha, yeye yuko uwanjani. Yeye ndiye alienda kwa duka la muvi pale Malava na flash yake, akajaziwa vipindi ishirini na kitu vya Inazuma kwa shilingi hamsini. Hakuwa anatafuta anime. Alikuwa ameomba “muvi yoyote ya mpira”. Tulitazamia kwa mmoja wetu aliyekuwa na TV ya sola, tukiwa tumebanana kama magunia, na mmoja wetu anayesoma haraka akitusomea maandishi ya chini kwa Kiswahili. Betri ilikuwa inaisha baada ya vipindi vitatu. Ilituchukua karibu wiki mbili kufika mwisho wa flash.

Kesho yake baada ya kumwona Endou akijigonga na tairi lililoning’inizwa kwa mti, Kapteni alikuja na tairi. Bahati nzuri lilikuwa la Probox, maana mwanzo alitaka la trekta, na sasa hivi ningekuwa naandika tanzia. Alilifunga kwa mvule nyuma ya uwanja wa shule ya msingi. Tunalisukuma, linarudi, linampiga kifuani, anaanguka, anaamka. Mama yake alituambia tuache kumuua mtoto wake. Tulicheka sana. Lakini unajua nini, alianza kudaka kweli.

Kitu kingine tulichotambua ni mzee wa ramen. Katika Inazuma kuna mwanamume mmoja mnene, ana ndevu, anaendesha mkahawa mdogo wa tambi na hana habari na mtu. Anaitwa Hibiki. Baadaye unagundua alikuwa kipa wa timu kali ya Raimon ya miaka arobaini iliyopita, ile iliyopata ajali ya basi kabla ya fainali. Nyota mzima, anauza supu, na vijana wanapita hapo kila siku bila kujua. Sasa wewe niambie, kuna soko gani Magharibi halina Hibiki wake? Kwetu alikuwa fundi baiskeli. Ukimpelekea baiskeli izibwe pancha, lazima akuambie alivyokaribia kusajiliwa na Ingwe enzi zile AFC Leopards walikuwa wanabeba kombe la CECAFA mfululizo, 1982, 1983, 1984. Sisi tulikuwa tunamwona mzee wa porojo. Baada ya Inazuma, Kapteni alienda kumsalimia kwa heshima zote, “Mulembe, mzee,” akamwomba aje atuone tukicheza. Alikuja na kigoda chake. Alitazama dakika kumi, akasema hakuna anayejua kusimama vizuri hapo. Wiki nzima alitufundisha kusimama tu. Sijawahi kuona mtu mzima akifurahi vile.

Na ile daftari ya babu yake Endou? Imejaa mbinu za siri, ila mwandiko ni mbaya mpaka ni Endou peke yake anaweza kuusoma, na hata ukiusoma, maelezo ni sauti tupu. Fyuu, kisha puu, kisha duuum! Mzee wetu alikuwa hivyo hivyo. “Mpira ukija, wewe unafanya hivi, paap! Halafu unatulia.” Hiyo ndiyo ilikuwa mbinu. Ama uielewe, ama uende nyumbani.

Disemba ilipofika, mwanasiasa fulani aliyekuwa anaanza kunusa uchaguzi akaandaa dimba. Unazijua hizo. Zawadi ni fahali, mipira miwili, na picha na mheshimiwa. Tulifika robo fainali kwa njia ambazo sitazieleza hapa kwa sababu timu moja haikutokea kabisa. Robo fainali tukapangwa na timu ya kituo kikubwa ambayo kila mtu alijua imekodi wachezaji kutoka Kakamega mjini.

Nikukumbushe kwanza kipindi cha Teikoku. Raimon wametafuta mpaka wakapata watu kumi na mmoja. Mtu wa mwisho kujiunga ni Kakeru Megane, kijana wa miwani, mdomo mwingi, ambaye anakubali tu kama atapewa jezi namba kumi. Teikoku wanafika na gari kubwa kama la vita, moshi unatoka, vijana wanajipanga mistari kama askari. Mechi inaanza, Raimon wanapigwa kama ngoma, na Megane anaona hii si kazi yake. Anavua jezi, anaitupa chini, anakimbia. Tulipotazama hiyo sehemu, mimi ndiye niliyecheka kuwashinda wote. Nilianguka kutoka kwa kiti.

Wale wa kituo walikuja na matatu ya kukodi, honi juu, isukuti inapigwa mlangoni. Walikuwa na jezi za kufanana mpaka soksi. Njumu zote mpya. Beki wao mmoja alikuwa na ndevu kuliko babangu. Mimi nilikuwa nimevaa namba kumi, si kwa sababu ya kipaji, ni kwa sababu ndiyo jezi pekee iliyonitosha. Njumu zangu zilikuwa za kuazima, saizi mbili juu, nimejaza makaratasi mbele.

Nilimwambia Kapteni tumbo linanisokota. Nikaenda upande wa vyoo. Nikapita vyoo. Nikaangika jezi kwa mpera uliokuwa pale, nikaingia shamba la miwa, nikatokea upande wa pili wa barabara. Nilisikia filimbi ya kwanza nikiwa karibu na nyumbani.

Kwa anime, mambo yanaenda hivi. Teikoku wanafunga 20. Ishirini bila. Endou yuko chini, hawezi hata kusimama sawa, lakini haondoki golini. Halafu Goenji, kijana mwenye kipaji ambaye aliacha mpira kwa sababu dadake aligongwa na gari akienda kumtazama akicheza, anaokota ile jezi ya kumi iliyotupwa na anaingia uwanjani. Bao moja. Teikoku wanaondoka wenyewe, mechi inahesabiwa ushindi kwa Raimon.

Kwetu, mvulana wa kidato cha kwanza aliyekuwa anatuokotea mipira alichukua jezi kutoka kwa mpera na akaingia. Hakufunga. Hii si anime. Walipigwa sita bila, na dakika za mwisho walibaki wanane kwa sababu wawili waliumia na mmoja aliitwa na mamake. Wanane, kumbuka. Juu ya saba. Kapteni aligoma kuondoa timu. Mzee fundi alikaa kwa kigoda chake mpaka mwisho na alipiga makofi refa alipomaliza.

Jioni hiyo nilikuwa tayari naitwa Megane.

Nilikuwa nakasirika mwanzoni. Sasa nakuambia ukweli: jina lilinikaa. Chuo nacho niliacha mwaka wa pili, kwa sababu nyingine ambazo si za leo, na mtu wa kwanza kunipigia hakuniuliza kuhusu karo wala digrii. Alikuwa Kapteni, siku hizi anaendesha boda hapo Malava. Aliniambia, “Megane, safari hii umepitia shamba gani?” Nilicheka mpaka nikalia, na nilikuwa sijacheka kwa miezi.

Hiyo wiki ndipo niliitafuta Inazuma yote, nikiwa Kawangware, bando ya usiku, vipindi 127. Msimu wa pili wanaleta eti wageni kutoka anga za juu wanaovunja shule kwa mipira, nikachoka kidogo, nikaruka vipindi kadhaa, usiniige. Lakini niligundua kitu ambacho flash yetu haikuwa nacho. Megane anarudi. Hakuna hotuba, hakuna kupiga magoti. Anarudi mazoezini, anaendelea kuwa mchezaji mbaya, anakaa benchi. Kisha kwa mechi moja na timu ya wapenzi wa gemu na katuni, anajirusha mbele ya shuti la mwenzake na kuuelekeza mpira golini kwa uso. Miwani inavunjika. Bao.

Kuna watu wanasema hizi hadithi za timu ndogo ni uongo wa TV. Kwa ukweli huwa inakaa tofauti kidogo, lakini hukaa. Chukua Mathare. MYSA ilianzishwa 1987, na kwa ligi yao timu ilikuwa inapata pointi sita kwa kusafisha taka mtaani. Yaani unaweza kupoteza mechi Jumamosi na ukapanda kwa jedwali kwa sababu mlizoa mitaro. Kutoka hapo ikazaliwa Mathare United, na mwaka 1998 walibeba Moi Golden Cup wakiwa hawako hata kwa ligi kuu. Miaka kumi baadaye, 2008, wakawa mabingwa wa ligi kuu yenyewe.

Ama chukua wasichana wetu wa chini ya miaka 17. Hii nchi imehangaika kufika Kombe la Dunia tangu wazee wetu wakiwa vijana. Wanaume wamejaribu, wameshindwa. Oktoba 2024, timu ya kwanza ya soka ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la FIFA la umri wowote ilikuwa ya wasichana wa sekondari, chini ya kocha Mildred Cheche, kule Jamhuri ya Dominika. Walifungwa mbili na Uingereza. Walifungwa tatu na Korea Kaskazini, ambao walienda mpaka wakachukua kombe. Hesabu ilikuwa imeisha. Mechi ya mwisho na Mexico wangeweza kucheza wakifikiria ndege ya kurudi. Walishinda 2-1. Niliitazama kwa simu ya jirani yangu, skrini imepasuka, na nilikuwa napiga kelele kama nimefunga mimi.

Hawakuvuka kundi. Ndiyo maana nakuambia inakaa tofauti.

Turudi Malava. Kapteni hajaacha. Jumapili mchana anaegesha boda chini ya ule mvule na anafundisha watoi, wengine hawafiki hata darasa la tano. Tairi la Probox bado lipo, limebadilishwa kamba mara nyingi. Mzee fundi hayuko tena, lakini kigoda chake kiliachwa kwa familia ya Kapteni na hakuna anayeruhusiwa kukikalia siku ya mechi. Yule mtoto wa jezi ya kumi alicheza nayo mpaka akamaliza shule. Nilimwuliza Disemba iliyopita kama atanirudishia. Alisema haijawahi kuwa yangu.

Timu ya wakubwa, ile yetu, inakufa. Nasema hivi bila kuficha. Wawili wako Nairobi, mmoja Saudi, mmoja ameokoka na anasema Jumamosi ni ya maombi, wengine wanafanya kazi ya miwa na msimu wa kuvuna hakuna mtu wa kucheza. Wiki jana Kapteni alinitumia ujumbe. Kuna dimba Disemba hii, fahali tena, mheshimiwa mwingine. Alikuwa ameorodhesha majina ya walio tayari. Niliyahesabu mara mbili. Yalikuwa sita.

Chini ya orodha alikuwa ameandika swali moja tu: “Siku hizi unavaa njumu saizi gani?”

Niliweka simu chini. Nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Nikafungua Inazuma kipindi cha kwanza, nikakizima kabla hakijaanza. Saa tano usiku nilimjibu: “42. Na safari hii zisiwe za kuazima.”

Alinitumia picha ya tairi.